Tumevuka mstari, tumeandikiwa "hawakumaliza". Hii dakika 30 ni uonevu mtupu

Wakuu, nina hasira, nivumilieni.

Jumamosi tulikuwa na raundi ya tano ya mbio za matanga za klabu yetu hapa pwani (jina nalihifadhi). Mashua 14, nyingi Laser, vile vimashua vyepesi vya mtu mmoja vyenye kasi. Mimi na mdogo wangu tuna Mirror, kile kimashua cha mbao chenye tanga jekundu, mita 3.3 tu. Hakimshindi mtu kwa kasi, na kila mtu anajua. Ndiyo maana kuna hesabu: muda wako unazidishwa kwa 1000, unagawanywa kwa namba ya aina ya mashua yako. Klabu imeweka Laser 1100, Mirror 1390.

Sasa kipindi hiki ni tanga mbili, upepo unajifia tu mchana. Laser ya kwanza ilitumia saa 2 na dakika 10. Sisi saa 2 na dakika 43. Pigeni hesabu wenyewe: yeye 1:58:11, sisi 1:57:16. Tumemshinda kwa sekunde 55!

Tunavuka mstari, filimbi kimya. Kwenye boti ya waamuzi mmoja anakunja bendera, mwingine anamenya chungwa. Nikauliza, "Bwana, mmetuandika?" Akajibu bila kuinua uso, "Muda umeisha, kaka." Ubaoni tumekuta DNF, yaani "hawakumaliza", pointi 15. Mshindi huwa na 1, kwa hiyo pointi nyingi ni hasara.

Eti maelekezo ya mbio yanasema asiyefika ndani ya dakika 30 baada ya wa kwanza hajamaliza. Kwa mwendo ule, Mirror iliyolingana kabisa na ile Laser ingefika dakika 34 nyuma yake! Yaani kumshinda kwa sekunde 55 siruhusiwi, mpaka nimshinde kwa dakika 3 ndipo nihesabiwe kuwa nilikuwepo baharini.

Kipengele hicho kinafaa mashua zikiwa za aina moja. Wamekinakili kutoka huko wakatubandikia sisi. Kanuni ya 35 ya kimataifa ya mbio za matanga yenyewe haina ubaya: mmoja akimaliza ndani ya muda wa mbio, wote watakaomaliza wanahesabiwa. Kuibadili wanaweza, ila maelekezo lazima yaitaje kwa namba. Yetu nimeyasoma mara tatu, 35 siioni.

Na kama walikuwa na haraka ya kurudi, si wangepandisha bendera S kwenye boya wakafupisha mbio upepo ulipokufa? Waliuona, nao walikuwa wanaloa jasho kama sisi.

Nimeomba nisikilizwe. Jibu: "Mbona wenzako hawalalamiki?" Wenzangu wana Laser!

Raundi ya mwisho ni Jumamosi ijayo. Aliyewahi kushinda rufaa ya namna hii aniambie alianzia wapi.