Mrejesho: Pikapu ya dizeli iliyokuwa inazima kwenye baridi

Ndugu zangu, niliwauliza kwa nini pikapu yangu ya dizeli inazima njiani kila baridi inapokaza hapa Minnesota, Marekani. Asanteni sana! Aliyesema nta iliyomo ndani ya dizeli inaganda na kuziba filta alipatia. Mwanzo nilimimina dawa ya kuzuia kuganda kwenye mafuta yaliyokwishaganda, haikusaidia kitu. Ikabidi nibadilishe filta, kisha dawa niitie kabla ya kujaza tangi, na hita ya injini niichomeke usiku kucha. Asubuhi ya nyuzi 22 chini ya sifuri pikapu iliwaka papo hapo. Moshi mweupe bado unatoka dakika chache. Jumamosi niliibeba baiskeli yangu ya milimani kwa pikapu hiyo hadi mji wa Duluth, nikarudi salama. Mungu awabariki.