Taverna ya kifamilia kijijini Anogeia, Krete: chakula huagizwaje?

Mwana wa Pangani
Ndugu zangu, salamu. Mwezi wa Oktoba nitampeleka mama yangu Krete, kisiwa cha Ugiriki, na tungependa kupanda hadi Anogeia, kijiji cha wafugaji kilichoko kwenye miteremko ya mlima Psiloritis, tukale katika taverna inayoendeshwa na familia badala ya mikahawa ya watalii iliyojipanga pwani. Mama hali nguruwe wala hanywi pombe, na huona haya kuulizauliza mbele ya watu asiowajua. Je, chakula huagizwaje huko, na tuombe nini?

Mkaazi wa Athens
Ndugu, usianze na menyu. Muulize mwenye jiko kimepikwa nini leo, kwa sababu vyakula vya sufuria na vya oveni huandaliwa asubuhi, na vikiisha vimekwisha, ilhali vya kuchoma huanza mteja akishaagiza. Katika taverna nyingi za vijijini wageni huruhusiwa kuingia jikoni na kufunuliwa masufuria, jambo ambalo litamfaa sana mama, kwani ataonyesha tu kwa kidole.

Fahari ya Anogeia ni antikristo. Mwanakondoo hukatwa vipande vinne vikubwa, hutiwa chumvi tu, kisha hutungwa kwenye vijiti vinavyosimamishwa kuuzunguka moto, si juu yake. Nyama huiva kwa joto la ubavuni kwa saa kadhaa, mafuta yakichuruzika taratibu, hadi upande unaoelekea moto unakuwa mwekundu na mkavu huku ndani ukibaki laini. Kwa hiyo pigeni simu asubuhi. Mkifika saa nane mchana bila taarifa, huenda msiikute. Sahani huwekwa katikati na kila mtu akachota, na aliyelelewa kwenye sinia hahitaji kufundishwa hilo.

Bibi wa Mchunga
Naomba kuongeza jambo ambalo mwenzangu hakuligusa. Kutokula nguruwe ni jambo moja, na uchinjaji ni jingine: nyama ya huko kwa kawaida haichinjwi kwa utaratibu wa Kiislamu. Iwapo mama analizingatia hilo, ajihadhari hata na gamopilafo, wali wa harusi wa Krete, ambao ukiutazama utadhani ni wali mtupu, kumbe hupikwa kwa supu ya nyama na kutiwa ndimu na siagi.

Hatalala na njaa, hata hivyo. Jifunzeni neno moja, «nistisima», yaani chakula cha mfungo wa Waorthodoksi, kisicho na nyama, maziwa wala mayai. Pia kuna dakos, mkate mkavu wa shayiri unaolainishwa kwa nyanya na mafuta ya zeituni, juu yake jibini laini. Nami nampendekezea zaidi horta, majani ya porini yanayochemshwa na kukamuliwa limau, yenye uchungu ule ule wa mchunga wetu. Nilipoyaonja mara ya kwanza niliweka uma chini, nikanyamaza kidogo.

Mkaazi wa Athens
Dada amesema kweli, nami nilipaswa kuuliza kwanza. Niongeze kwamba mkate huletwa bila kuagizwa na huhesabiwa kwenye malipo, na kwamba mwishoni huja raki, pombe kali ya zabibu, pamoja na matunda au kitu kitamu, bila malipo. Mama akiweka mkono kifuani na kupokea matunda peke yake, hakuna atakayechukia. Wala msitafute jengo la kale: jeshi la Ujerumani lilikibomoa kijiji hicho karibu chote Agosti 1944, kwa hiyo kilicho cha zamani pale ni upishi, si kuta.

Mwana wa Pangani
Nawashukuru sana. Mama anazingatia uchinjaji, kwa hiyo antikristo tutaitazama tu ikiokwa. Habari za horta zimemfurahisha mno, na ameniagiza niombe tuonyeshwe majani hayo yakiwa bado mabichi, kabla hayajatiwa sufuriani.