Kiti cha ubunge ni cha chama au cha wapiga kura? Tujadili kupitia safari ya Halima Mdee

Ndugu zangu, naleta hoja kwamba ibara ya 71(1)(e) ya Katiba ya Tanzania, inayomwondolea mbunge kiti chake pindi anapoacha kuwa mwanachama wa chama alichokuwamo alipochaguliwa au kuteuliwa, ifutwe kwa upande wa wabunge wa majimbo. Wanaoitetea husema kuwa inazuia wabunge kununuliwa. Ni hoja nzito, lakini mwenendo wa mambo unaikanusha.

Mdee aliingia bungeni mwaka 2005 kwa Viti Maalum (viti vya wanawake ambavyo vyama hugawiwa kwa uwiano wa kura) vya chama cha upinzani cha CHADEMA, akalitwaa jimbo la Kawe mwaka 2010, akalitetea mwaka 2015, na mwaka 2020 akatangazwa kushindwa na Josephat Gwajima wa chama tawala, CCM. Tarehe 24 Novemba mwaka huo, yeye na wenzake 18 waliapishwa na Spika Job Ndugai, nje kwenye viwanja vya Bunge jijini Dodoma wala si ukumbini, wawe wabunge wa Viti Maalum wa chama ambacho uongozi wake ulisisitiza kuwa haukupeleka jina lolote Tume ya Uchaguzi. Siku tatu baadaye Kamati Kuu ya CHADEMA ikawavua uanachama. Mei 2022 Baraza Kuu la chama likazitupa rufaa zao, na Desemba 2023 Mahakama Kuu ikautengua uamuzi huo wa Baraza, kwa kuwa miongoni mwa waliosikiliza rufaa walikuwamo walewale waliotoa adhabu. Muda wote huo walikuwa bungeni.

Sasa turudi nyuma hadi Julai 2017. CUF, chama kingine cha upinzani, ya upande wa Profesa Lipumba ilipowafukuza wabunge 8 wa Viti Maalum, Spika huyohuyo alitangaza viti vyao kuwa wazi ndani ya siku chache, ingawa chama kilikuwa kimepasuka na uhalali wa uongozi wake unabishaniwa mahakamani. Ibara haikubadilishwa hata nukta, lakini hawa walipoteza viti na kina Mdee wakabaki.

Kuhusu kununuliwa, yatosha kutazama chaguzi ndogo za Siha na Kinondoni za Februari 2018, ambako wabunge wa upinzani walijiuzulu, wakahamia CCM, wakapitishwa kuwania viti vilevile walivyoviacha, na wakatangazwa washindi. Ibara ilikuwapo; iliyoongezeka ni gharama ya uchaguzi, ambayo (tusisahau) hailipwi na aliyehama.

Nakiri kwamba kwa Viti Maalum chama kina dai la haki, kwani hakuna mwananchi aliyemtia tiki mbunge huyo kwa jina. Jimboni ni tofauti: karatasi ya kura ina jina na picha ya mgombea kando ya nembo ya chama. Zitto Kabwe, aliyeshinda Kigoma Kaskazini mara mbili, aliondoka bungeni Machi 2015 baada ya kutengana na CHADEMA, na Oktoba mwaka uleule wapiga kura wa Kigoma Mjini wakamrudisha kwa tiketi ya ACT-Wazalendo. Chama kilimkataa, wananchi wa mkoa uleule wakamtaka.

Kwa wanaotaka ibara ibaki kama ilivyo, naomba mnijibu jambo moja: nani atangaze kuwa kiti kiko wazi, ikiwa Spika mwenyewe ni mwanachama wa chama kinachonufaika na jibu lake?