Viwavi wa ajabu kwenye milimao yangu: nipige dawa ama niwaache?

MamaWaKampemba

Yambo wote. Naomba ushauri kabla sijafanya kitu. Ndani ya lupango (kiwanja) yetu hapa Kampemba, Lubumbashi, tuna mchungwa mmoja wa zamani tulioukuta tuliponunua, na milimao miwili midogo ya kubebeshwa (kupandikizwa juu ya shina jingine), bado haijapita goti. Mvua ilipoanza yote imetoa majani mapya, laini, na sasa kila asubuhi nakuta mengine yameliwa kuanzia ukingoni mpaka unabaki mshipa wa katikati.

Nimeinama nikachunguza. Juu ya majani ya milimao kuna vitu kama mavi ya ndege, vyeusi na kahawia, vina baka jeupe katikati ya mgongo. Nikataka kupangusa kimoja na kijiti, kikajikunja. Kumbe kina uhai! Kwenye mchungwa mkubwa kuna wengine, hao ni wa kijani, wanene, wana mistari ya kahawia ubavuni. Ukimgusa mmoja anachomoa pembe mbili nyekundu nyuma ya kichwa, na harufu inakukaa mkononi mpaka unawe kwa sabuni.

Bibi wa jirani alipoona zile pembe akasema huyo si mdudu wa kawaida, niite watu wa maombi waje kwenye lupango. Mume wake anasema ni wale wale viwavi wa mahindi, na ananipa dawa iliyobaki shambani kwake nipulizie.

Halafu kuna jambo jingine. Mtoto wangu wa shule ya msingi aliwatia wawili wa kijani ndani ya bokali (chupa ya kioo yenye mdomo mpana). Mmoja amejiganda kwenye kijiti, ana rangi ya mti mkavu. Mwingine amejishika kwenye bua la jani, ni kijani. Hawali, hawatembei. Mtoto analia, anasema amewaua.

Basi: ni wadudu gani hawa? Wana sumu? Nipige dawa? Na hao wa bokali nitupe?

KijanaWaKatuba

Mama, swali moja kabla ya yote: wanaliwa? Mafuta kidogo, nyanya, bukari (ugali) pembeni… Samahani, njaa ya saa sita.

MwalimuWaBiolojia

Mama, usitupe bokali! Hawajafa. Na kwa maombi, omba tu kama kawaida yako, lakini si kwa ajili ya huyu mdudu.

Una kipepeo mmoja tu hapo, katika umri tofauti. Anaitwa kitaalamu *Papilio demodocus*. Ni yule mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, mabawa yakitandazwa yanafika sentimita kumi au zaidi, anayepita kwa haraka juu ya maua na hatulii. Yuko karibu Afrika yote kusini mwa Sahara. Zamani chakula chake kilikuwa miti ya porini ya jamii ya mlimao. Milimao na michungwa yenyewe asili yake ni Asia. Ilipoletwa na watu kupanda kwenye nyua zao, yeye akaona chakula kimemfuata nyumbani.

Mama kipepeo hatagi mafungu. Anagusa jani changa, anaacha yai moja, anaruka kwenda jingine. Yai ni la mviringo, manjano hafifu, dogo kama kichwa cha pini, na huwa juu ya majani mororo ya ncha. Likikaribia kuanguliwa linakuwa jeusi kidogo. Kwa joto la miezi hii kiwavi anatoka kabla ya wiki kwisha, na mlo wake wa kwanza ni ganda la yai lenyewe.

Hapo ndipo anakuwa yule wako wa mavi ya ndege. Ndege anayewinda viwavi hana sababu ya kula kinyesi chake, kwa hiyo mdogo anakaa juu ya jani mchana kweupe bila kujificha. Anakula, ngozi inambana, anaivua, anaendelea. Anavua mara nne kabla ya kuwa pupa, ile hatua ya kutulia bila kula kabla ya kuwa kipepeo. Ile ngozi ya mwisho ya ukiwavi ndiyo ya kijani: amekuwa mkubwa mno kuigiza kinyesi, sasa anaigiza jani.

Zile pembe si pembe. Ni tezi laini anayoikunja ndani ya shingo na kuisukuma nje akitishwa. Harufu yake ni ya asidi, ya mafuta yaliyochacha, na inafukuza siafu na wadudu wengine wanaomwinda. Kwa mtu haina madhara. Hana nywele za kuwasha, haumi. Mtoto anawe mikono tu.

Papa_Lusa

Mwalimu, kwa heshima, hapo nakataa. Mimi nimekuwa na malimao Ruashi tangu zamani. Yule mweusi wa mavi ya ndege na yule wa kijani ni wadudu wawili. Sijawahi kuona mmoja akigeuka mwingine.

MwalimuWaBiolojia

Papa, hukumwona kwa sababu hafanyi hivyo mbele ya watu. Kabla ya kuvua ngozi anatulia, anajifunga miguu kwa nyuzi za hariri juu ya jani na kukaa bila kula. Ukipita unadhani anaumwa. Kisha ngozi inapasuka nyuma ya kichwa, anaitoka, na mara nyingi anaila. Ukirudi jioni unakuta wa kijani pale alipokuwa mweusi, unasema mweusi ameondoka na mgeni amefika. Mchukue mweusi mkubwa mmoja, umweke peke yake na majani safi, utaona mwenyewe.

KijanaWaKatuba

Lakini hamjajibu swali la sufuria.

YayaFlora

Wewe! Wanaouzwa wamekaushwa sokoni, finkubala, wanatoka porini, kwenye miti ya miombo, na ni watoto wa nondo wakubwa, si wa huyu. Wanajulikana tangu mababu: nani analiwa, anatolewa vipi matumbo, anachemshwa vipi. Huyu wa mlimao hayumo kwenye hesabu hiyo. Na ile harufu, nani angemtia mdomoni? Nunua wako sokoni, mwache mama huyu na shida zake.

MamaWaKampemba

😂😂 Aksanti. Mwalimu, sasa hao wa bokali? Na kwa nini mmoja kahawia mwingine kijani kama ni ndugu?

MwalimuWaBiolojia

Wameingia hatua ya pupa. Kiwavi akishiba kabisa anatoa uchafu wa majimaji, anaanza kuzungukazunguka, na kwa kawaida anaacha tawi alilolila. Huko nje ungemkuta kwenye ukuta, kwenye ua wa matete, popote. Anafuma kitako cha hariri, anashika hapo kwa mkia, halafu anajifunga uzi mmoja kiunoni ili abaki kichwa juu. Mtazame yule pupa aliye kwenye kijiti, huo uzi utauona, mwembamba sana. Usiukate.

Anakaa amejikunja hivyo karibu siku nzima, ngozi inapasuka mara ya mwisho, na chini yake kuna pupa tayari. Rangi inafuata mahali alipojifunga. Kwenye majani na bua bichi huwa kijani, kwenye mti mkavu huwa kahawia. Ndugu kabisa, wamevaa tofauti.

Sasa subiri wiki mbili mpaka tatu. Miezi ya baridi, Juni na Julai, huchukua muda mrefu zaidi. Bokali isikae juani, hapo ndipo watu wanawaua kweli. Funika kwa kitambaa badala ya kifuniko cha chuma, na acha nafasi chini ya kijiti na kitu cha kukwaruza cha kushikia miguu. Akitoka mabawa yamekunjamana, lazima aning'inie na kuyasukumia maji ya mwili mpaka yanyooke. Asipopata pa kuning'inia yanakauka yamepinda na haruki tena. Atatoa na tone la majimaji yenye rangi. Mwambie mtoto mapema kwamba si damu.

MkulimaWaKitalu

Mwalimu anasema vizuri lakini anaongea kama mtu ambaye miche haimlishi. Mimi nauza miche upande wa barabara ya Kipushi. Mche wa kubebeshwa wenye majani ishirini, viwavi wawili wa kijani wanaumaliza. Ukibaki uchi mwanzo wa mvua, tawi ulilobebesha linadumaa, na machipukizi ya shina la chini yanakimbia kulipita. Hapo umepoteza aina uliyolipia, umebaki na ndimu pori yenye miiba. Kwa hiyo kwangu hawa ni wadudu waharibifu, basi.

Lakini dawa ya mahindi, hapana, mama. Kwanza, si yale. Wale viwavijeshi waliotuingilia Afrika tangu 2016 mama yao ni nondo, anataga mayai kwa mafungu yaliyofunikwa manyoya, na shida yao kubwa ni mahindi. Pili, dawa ya kwenye chupa bila karatasi yake huijui kipimo, hujui usubiri muda gani kabla ya kuchuma. Limao unalikamulia samaki na maganda yake. Tatu, na hili ndilo watu hawalifikirii: ukiona wale wa kijani wanene, wameshakula. Sehemu kubwa ya majani ambayo kiwavi anakula maisha yake yote anaila katika ngozi ile ya mwisho. Unampiga dawa mtu anayetoka mezani.

Ninachofanya mimi: wakati wa machipukizi napita asubuhi kila baada ya siku mbili tatu, naangalia ncha tu. Yai nalisugua kwa kidole. Wa mavi ya ndege namtoa kwa mkono. Miche miwili kama yako ni kazi ya muda wa chai kuchemka. Majani yakishakomaa na kuwa magumu, mama kipepeo hayataki sana, na wewe unapumzika. Asiyeweza kupita afunike mche kwa chandarua kizee, kisiguse majani, maana anaweza kutaga kupitia matundu.

YayaFlora

Na ule mchungwa mkubwa?

MkulimaWaKitalu

Uache. Mti mzima hauhisi kitu. Kama mama huyu hataki kuwaua, awatoe kwenye milimao midogo awahamishie juu ya mchungwa, chakula ni kile kile. Avunje jani alilokalia, aliegemeze kwenye tawi, atahama mwenyewe. Asimvute. Amejishika na hariri, utamchana.

Papa_Lusa

Hapo nakubaliana. Mchungwa wangu wa zamani waliula mwaka fulani tukafikiri umekwisha, na machungwa yakaja kama kawaida.

MamaWaKampemba

Narudi na habari. Milimao nimeisafisha, mayai nilikuwa siyaoni kabisa mpaka nilipojua yakae wapi. Kumbe yalikuwa mengi. Dawa nimemrudishia jirani kwa adabu, nimesema mchungwa una maua na nyuki wanakuja, hajachukia.

Pupa wa kijani alianza kuwa mweusi, madoa ya manjano yakaonekana kupitia ganda, na kesho yake asubuhi tukakuta kipepeo ameshatoka, ananing'inia. Tumemwachia bibi wa jirani afungue kitambaa mwenyewe. Hajasema neno kuhusu maombi tena 😄

Lakini yule wa kahawia amenishinda. Ana tundu dogo la duara ubavuni, na ndani ya bokali kuna vidudu vidogo mno, vina mabawa, vinang'aa, vimejaa kwenye kitambaa. Mchwa wameingia? Mtoto ananiuliza kipepeo wake yuko wapi.

MwalimuWaBiolojia

Hao ni nyigu, mama, ingawa hawafanani na wale wanaotuuma. Nyigu mmoja jike alimtagia ndani, ama kiwavi akijiandaa kujifunga, ama pupa akiwa bado laini. Watoto wake wamekula ndani kwa ndani na kutoka wote kwa tundu moja. Kuna wengine, wadogo zaidi, wanaotaga ndani ya yai la kipepeo, kiwavi hazaliwi kabisa.

Mtoto mwambie ukweli, watoto wanabeba mambo haya kuliko tunavyodhani. Na wafungulie nje karibu na milimao. Hawaumi mtu.

MkulimaWaKitalu

Wafungulie, ndiyo! Hao wanafanya kazi yangu bila mshahara, na ndio wanaokufa wa kwanza mtu akipuliza ile dawa ya mahindi. Ndiyo maana kitalu kinachopulizwa kila wiki huwa na viwavi kila wiki.

Dada_Likasi

Samahani kuingilia. Kwangu hakuna mavi ya ndege wala wa kijani. Majani mapya ya mlimao yamejikunja na yana njia zinazong'aa, zinapindapinda kama mtu amechora. Nami nisubiri kipepeo?

MkulimaWaKitalu

Hapana, dada. Huyo ni mtoto wa nondo mdogo sana, anachimba ndani ya jani lenyewe, chini ya ngozi yake, ndiyo maana humwoni. Usichune wala kukata majani yote yenye michoro, bado yanalisha mti. Usiupe mbolea nyingi ya kukuza majani sasa, utamwongezea chakula. Fungua mada yako mwenyewe, weka picha ya jani mbele na nyuma, na useme mti una umri gani.