Ati "kwani biarusi hukaa pembeni?" Huyu muuza hudi, vile vikofia vya kukinga lenzi ya kamera na jua, amenivunjia heshima!

Jamani, mwamjua. Simtaji, lakini kila mwenye kamera Mombasa ashaegemea kaunta yake ya kioo. Nimetoka kwake sasa hivi, mikono bado yanitetemeka.

Nilimwambia wazi: nataka hudi ya lenzi ya 18-55, ya kukaza mbele, kipenyo milimita 58. Akanipa lidude refu la lenzi za kuvuta mbali. Kukaza imekaza, sikatai. Lakini ukifungua lenzi mpaka 18, upana wake wa mwisho, pembe zote nne za picha nyeusi tititi! Biarusi wa watu yuko Mama Ngina, bahari nyuma yake, gauni lameremeta, na kila picha pana utadhani nilimpiga nikiwa ndani ya bomba la maji taka.

Nikamrudishia. Akaishika, akaipuliza vumbi, kisha mbele ya wateja: "Kwani biarusi hukaa pembeni?"

Duka zima likaangua kicheko. Hadi mlinzi!

Hudi si pambo. Yazuia jua la ubavuni lisipige kioo, picha ikafifia rangi. Ya lenzi pana lazima iwe fupi, maana lenzi yenyewe yaona hadi pembeni. Akataka kunibadilishia ile yenye mapengo ukingoni. Lenzi yangu ni ya zamani, mbele huzunguka ikilenga, na hudi itazunguka nayo. Yale mapengo, yanayoacha pembe za picha wazi, yatahama kutoka hapo na weusi utarudi palepale. Nikamweleza kwa adabu. Akajibu nini? "Kwani biarusi hukaa pembeni?" MARA YA PILI! Na shilingi 1,200 zangu hajarudisha.

Mkaa Kibokoni: Pole kaka, lakini si ungeijaribu palepale? Weka 18, piga ukuta mweupe, tazama pembe. Basi.

Mwenye uzi: Umesoma au umeruka? Nilimwambia 18-55! NILIMWAMBIA!

Bint Majengo: Harusi ya kakangu biarusi alikaa pembeni kweli. Katikati alikaa mama mkwe 😂

Jicho la Likoni: Afadhali wewe umeifunga. Wako wapiga picha pale Fort Jesus, hudi wameigeuza nyuma kutwa nzima, jua lawaingia kwenye lenzi, kisha wakwambia kamera ndiyo mbovu.

Bint Majengo: Wapiga picha wote lao moja. Albamu yangu ya harusi ililetwa mtoto ashaanza kutambaa.

Mzee wa Tuktuk: Wewe umeletewa, shukuru. Mimi fundi sofa kala arubuni tangu kabla ya Ramadhani, simu hashiki.

Mwenye uzi: Turudini kwenye mada jamani. Mbele ya wateja! Ati biarusi hukaa pembeni!

Jicho la Likoni: @Mzee wa Tuktuk, huyo fundi ni yule wa Makupa, mwenye baiskeli nyekundu? Ana kitanda changu.

Mzee wa Tuktuk: Ndiye huyohuyo! Njoo inbox, kesho alfajiri twende wote.