Kupe na viroboto Malindi: kidonge, kola au dawa ya kuogesha?

Mwanamvua_MLD
Asalaam aleikum. Naomba ushauri kabla sijatoa pesa Jumamosi. Tangu mvua zianze, viroboto na kupe wametujaa nyumbani. Agroveti wamenitajia kidonge cha kutafuna, kola ya shingoni, na amitraz ya kuogeshea, ambayo ndiyo ya bei nafuu. Ipi inafaa? Na ua niufanyeje?

Kombo_Barani
Waleikum salaam dada. Hujasema unafuga nini! Mbwa, paka, mbuzi? Wana umri gani? Ua ni wa mchanga, nyasi au saruji? Na bajeti yako je?
Mimi kwa mbwa ni kidonge tu. NexGard ni ya mwezi, Bravecto huenda wiki 12. Kupe sharti aume ndipo afe, kwa hivyo ukimwona amenasa usidhani dawa imeshindwa. Mara nyingi baada ya siku mbili utamkuta amekauka.

Mkomani_Lamu
Kidonge kwa wenye nafasi. Kola ya Seresto hufika hadi miezi 8, ukipiga hesabu ya mwezi kwa mwezi unaona nafuu. Ila mbwa wa kuogelea baharini kila jioni, muda huo hupungua.

Kadzo_Ganda
Mwanamvua, kuna paka hapo nyumbani? Jibu hilo kwanza, tafadhali.
Mwaka jana muuzaji wa duka moja alimpa mamangu matone ya mbwa, yenye permethrin, akamwambia paka ampake nusu tu. Haikufika magharibi, masikio yakaanza kumchezacheza. Ngozi ya mgongo ikawa inaruka yenyewe, kisha miguu ya nyuma ikalegea, akawa anajikokota sakafuni mate yakimtoka. Tukamwosha kwa sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu, tukamkausha, tukamzungushia taulo na kumkimbiza kwa daktari wa mifugo na bodaboda. Usiku kucha alikuwa anatetemeka, anaongezwa dawa ya kutuliza mishipa. Alipona, lakini mamangu alilia mno. Daktari alitueleza kwamba ini la paka haliwezi kuivunja permethrin kama la mbwa, kwa hivyo hakuna cha nusu wala robo. Amitraz nayo usimpake paka. Inaniuma kuona dawa hizi zikiuzwa bila mtu kuuliza ni za mnyama gani.

Mwanamvua_MLD
Poleni sana Kadzo. Ni mbwa mmoja wa kulinda na paka wawili, wote hulala barazani. Nyumba ni ya zamani ya mawe ya matumbawe, ua ni mchanga chini ya mkwaju. Na ami yangu hufunga punda wake hapo usiku.

Mkomani_Lamu
Punda tena! Basi amitraz iondoe kabisa. Punda na farasi huwasimamisha utumbo, choo kikaziba, tumbo likawauma hata wakafa. Sisi huku punda ndiye gari letu, jambo hili hatulichezei.

Kombo_Barani
Sasa tunaongea. Mchanga wa kivulini ndio makao ya viroboto: mayai humdondoka mnyama, mabuu hukulia hapo, na wakishajifunga kwenye vifuko vyao wanaweza kungoja miezi. Kwa hivyo fagia chini ya mkwaju, toa majani yote, na matandiko ya barazani yafue kwa maji moto kila wiki. Kupe wa mbwa yeye hupanda ukutani. Jike hutaga maelfu ya mayai kwenye nyufa. Chukua tochi uangalie kati ya mawe pale chokaa ilipobanduka, utawaona wadogo wamejipanga. Ziba kwa chokaa.

Shambani_Msabaha
Mbona hamtaji mwarobaini? Chemsha majani, nyunyiza ua mzima. Wazee wetu hawakuwa na vidonge.

Kadzo_Ganda
Kaka, mwarobaini hufukuza kidogo, lakini haumtoi kupe aliyekwisha nasa. Kupe huambukiza mbwa homa inayomtoa damu puani, na matibabu yake ni doxycycline wiki 4. Mwenye mbwa huyo umwambie achemshe majani?

Shambani_Msabaha
Sijasema aache dawa, dada. Nimesema ua. Mie nafuga kanga, wanazunguka zizi la mbuzi wakidonoa kutwa, na kupe sioni kama zamani.

Kombo_Barani
Kanga hadonoi kupe aliye ndani ya ukuta. Tena kelele zake! Majirani wa mjini watamvumilia?

Shambani_Msabaha
Kelele ndizo nazitaka. Nyoka akipita tu, mtaa mzima unajua.

Mkomani_Lamu
Hilo la nyoka ni kweli. Shemeji yangu wa Mpeketoni anafuga kwa sababu hiyo hiyo.

Mwanamvua_MLD
Ahsanteni nyote. Amitraz nimeiacha. Kati ya kidonge na kola bado natafakari, na ya paka nitamuuliza daktari. Shambani, unauza vifaranga vya kanga, au mayai tu?