Msaada wa Kiingereza cha ofisini: "had" inawekwa wapi na inaachwa wapi?

BintiWaTandika (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada, na wale wa "rudi shule" naomba wapite kimya kimya.

Nipo kwenye ofisi ya wakala wa forodha hapa Dar. Sehemu kubwa ya siku naandikia wateja wa mizigo ya transiti, wengi wako Lusaka na Ndola. Kuongea Kiingereza naongea bila shida. Kinachonitesa ni hii "had".

Kuna mzee ofisini ndiye anayepitia imeili zote kabla hazijatoka. Kila kitendo kilichopita lazima akibandike "had". Naandika "We received the B/L on 14 March" (B/L ni bill of lading, hati ya mzigo wa meli), inarudi "We had received the B/L on 14 March". Mstari wa pili "We had lodged the documents". Wa tatu "The shipping line had released the container". Anasema hicho ndicho Kiingereza cha kiofisi, bila "had" tunaonekana tunapiga stori.

Upande wa pili yupo dada wa akaunti. Yeye hata pale "had" inapotakiwa anaifuta. Juzi kati aliandika kwa mteja: "When we received the B/L, the free period ended." Mteja akaja juu: kumbe siku za bure ziliisha B/L ikiwa mikononi mwenu, basi gharama za kontena kukaa bandarini lipeni nyie. Wakati ukweli ni kwamba B/L alituletea siku zimeshaisha.

Sasa nani yuko sahihi? Nataka kitu cha kunisaidia nikiwa mbele ya kompyuta. Majina ya tensi niliyakariri tangu kidato cha kwanza na hayajanifikisha popote.

Kibopa wa Keko

Andika Kiswahili, basi. SADC walikipitisha kuwa lugha rasmi Agosti 2019, tena mkutano ulikuwa hapahapa Dar. Zambia ni mwanachama. Mteja atafute mkalimani.

BintiWaTandika

Kaka, huyo mteja ndiye anayenilipa mshahara. Turudi kwenye mada.

Ticha Mstaafu TMK

Binti, wote wawili wamekosea, kila mmoja kwa upande wake.

"Had" inataka nyakati mbili zilizopita. Umesimama kwenye tukio moja la zamani, halafu unageuka nyuma kulitazama jingine lililotangulia zaidi. Hilo la nyuma zaidi ndilo linalobeba "had". Kama hujageuka, unasimulia tu mambo yalivyofuatana, huna kazi nayo.

Angalia imeili ya mzee. Mlipokea B/L, mkawasilisha nyaraka, kontena likaachiwa. Hadithi inakwenda mbele tu. "We received", "we lodged", "the shipping line released", imetosha, na ni Kiingereza rasmi kabisa. Ukiandika "We had received the B/L on 14 March" peke yake, msomaji anabaki anauliza: kabla ya nini? Anasoma mpaka mwisho hakuna jibu.

Ya dada wa akaunti ni mbaya zaidi kwa sababu ina madhara. "When" ikifuatwa na vitendo viwili vya kawaida vya wakati uliopita, Mwingereza anaelewa vilitokea kwa pamoja, au cha pili kilifuata cha kwanza. Mteja wenu hakupotosha kitu, alisoma kilichoandikwa. Ilitakiwa iwe: "When we received the B/L, the free period had already ended."

Kipimo: isemee sentensi Kiswahili kichwani kwanza. "Tulipopokea B/L, siku za bure zilikuwa zimeshaisha." Hiyo "zilikuwa zime-" ndiyo "had". Ukijikuta unasema -li- peke yake, tulipokea, tuliwasilisha, waliachia, acha "had" ilale.

Halafu baada ya "had" ni safu ya tatu ya ile jedwali ya vitenzi, siyo ya pili. Go, went, gone. Kwa hiyo "had gone". "Had went" na "had came" nazisikia mpaka kwenye vikao vya watu wenye shahada. Ni "had come".

Mwana wa Mbagala

Shikamoo mwalimu. Swali la nyongeza. Sisi tulifundishwa kwamba ukiona "after", "had" ni lazima. "After we had received the B/L, we lodged the documents." Ukiacha, unapata sifuri.

Ticha Mstaafu TMK

Marahaba. Mtihani unapenda hivyo kwa sababu ni rahisi kusahihisha. Kazini, "after" na "before" zenyewe zimeshasema lipi lilitangulia. "After we received the B/L, we lodged the documents" ni sahihi bila wasiwasi. Ukiweka "had" pia si kosa.

"By the time" ndiyo ya kuangalia. Hiyo, kwa mambo yaliyopita, karibu kila mara inaivuta "had" kwenye upande wa pili.

Konda Mstaarabu

Mwalimu, kipimo chako cha "alikuwa ame-" nakitilia shaka. Sikia hii: "Nilipofika getini, mlinzi alikuwa amelala." Kwa kanuni yako niandike "the guard had slept". Hiyo ni sawa kweli? Masikio yangu yanakataa.

Mama Mfasiri

Masikio yako yako sawa, Konda. Kufasiri nyaraka ndiyo kazi inayonilisha, na hapa ndipo naona taarifa nyingi za Kiingereza cha kwetu zinapochafuka, kwa hiyo mnivumilie kidogo.

-me- yetu ina kazi mbili. Ya kwanza ni kitendo kilichokwisha: meli imetia nanga, siku zimeisha, mzigo umefika. Ya pili ni hali ambayo mtu bado yumo ndani yake: amelala, amekaa, amesimama, amevaa, amechoka, ameshiba, amekasirika, amebeba. Ukisema "mtoto amelala, punguzeni redio", humaanishi alilala akaamka. Yuko usingizini sasa hivi. Kiingereza hapo kinasema "is asleep". "Has slept" ni mtu ambaye usingizi ameshaupata.

Kwa hiyo kipimo cha mwalimu kiongezewe hatua moja. Kabla ya kuipeleka sentensi zamani, ilete leo kwanza.

"Siku zimeisha." Leo yake ni "The days have ended". Umeona "have", ikienda zamani inakuwa "had ended".

"Mlinzi amelala." Leo yake ni "The guard is asleep". Umeona "is", ikienda zamani inakuwa "was asleep". "Had" haina nafasi.

Na mengine ya aina hiyo: "Dereva alikuwa amevaa ovaroli" ni "was wearing". "Kuli alikuwa amebeba gunia" ni "was carrying". "Mteja alikuwa amekasirika" ni "was angry". Hata ukiwa na "by the time" inabaki hivyohivyo: "By the time we got there, the guard was asleep."

Yapo yanayokubali pande zote, na hapo uamuzi ni wako unataka kusema nini. "Geti lilikuwa limefungwa." Kama unaeleza tu hali uliyoikuta, "The gate was closed." Kama hoja yako ni kwamba kuna mtu alishalifunga kabla hujafika, "The gate had been closed." Kwenye taarifa ya wizi, sentensi hizo mbili zinapeleka maswali kwa watu tofauti. Ya kwanza inaeleza geti. Ya pili, mkaguzi atakuuliza nani alilifunga na saa ngapi.

Konda Mstaarabu

Aisee. Nilikuja kubisha, naondoka na daftari.

Ticha Mstaafu TMK

Mama Mfasiri, nakubali marekebisho. Hiyo hatua ya kuileta leo kwanza ni nzuri, ningekuwa bado darasani ningeiiba.

Dereva wa Tunduma

Mimi Kiingereza changu ni cha mpakani, lakini hapa nimeelewa. Swali: "had been" nayo? Ofisi yetu wananiandikia "the truck had been waiting", mara "the truck had been released". Zinafanana ila naona hazisemi kitu kimoja.

Mama Mfasiri

Hazisemi kitu kimoja kabisa. Kitenzi chenye -ing ni kitendo kilichokuwa kinaendelea kwa muda mpaka ile saa unayoizungumzia: "The truck had been waiting since Monday when the permit came out." Lori lilikuwa linasubiri tangu Jumatatu, kibali ndipo kikatoka. Mfano mwingine wa hapahapa mjini: "When the SGR started carrying passengers to Morogoro in June 2024, the mwendokasi buses had been running since May 2016."

Ile nyingine, "had been released", lori ndilo lililofanyiwa. Kuna mtu aliliachia. Kiswahili chake ni "lilikuwa limeshaachiwa".

Angalia na Kiswahili kinavyoweza kukuchezea hapa. "Lilikuwa linasubiri tangu Jumatatu" haina -me- hata moja, lakini Kiingereza kinadai "had been". Chanzo ni hiyo "tangu". Ukiona "tangu" au "kwa muda wa" inayofikia mpaka kwenye tukio jingine la zamani, "was waiting" inapwaya.

Dereva wa Tunduma

Na "I have come yesterday"? Kuna jamaa huku anasema kila siku.

Ticha Mstaafu TMK

Huyo anafasiri "nimekuja jana". Sisi mtaani tunasema hivyo bila kujiuliza, "nimemwona jana", "nimelipa juzi". Kiingereza kikishatajiwa saa iliyopita, "yesterday", "on Friday", "in 2019", hakitaki "have" karibu. "I came yesterday." Imekwisha.

BintiWaTandika

Jamani mbarikiwe. Nimeshaanza kuiandika upya imeili ya yule mteja. Imebaki sehemu moja: nataka kumwambia kwa adabu kwamba angeleta B/L mapema, gharama tungeziepuka. Hapo nako kuna "had"?

Mama Mfasiri

Ipo, ila hapa inafanya kazi nyingine kabisa. "If you had sent the B/L earlier, we would have avoided the charges." Haisemi lipi lilitangulia. Inasema jambo halikutokea na muda wake umepita. Ni ile "ungalileta, tungaliepuka". Shida yetu ni kwamba siku hizi tunatumia -nge- kwa yote, yanayowezekana bado na yaliyokwisha pita, kwa hiyo ukiwaza "angeleta" jiulize kwanza: bado anaweza kuleta? Kama bado, ni "If you sent it, we would avoid". Kama mlango umefungwa, ni "had sent" na "would have avoided".

Usiandike "If you would have sent". Utaisikia hata kwa Wamarekani wenyewe wakiongea, lakini kwenye imeili ya madai ya pesa iache.

Na kwa adabu, mtoe mteja kwenye sentensi. Badala ya "If you had sent", andika "If the B/L had arrived earlier". Ujumbe ni uleule, kidole hakimwelekei yeye.

BintiWaTandika

Nimepata hii, naomba jicho la mwisho:

"By the time we received the B/L on 14 March, the free period had already ended. We lodged the documents the same day, and the shipping line released the container on 17 March. If the B/L had arrived earlier, the charges would have been avoided."

Ticha Mstaafu TMK

Safi. "Had" mbili tu, na kila moja ina sababu ya kuwepo. Ningebadilisha kitu kimoja: toa "already", weka tarehe yenyewe siku za bure zilipoishia, "had ended on" fulani. Na uambatanishe karatasi inayoonyesha tarehe hiyo.

Kibopa wa Keko

Sasa na yule mzee wa "had"? Ukimpelekea hiyo ataijaza nyingine nne.

Konda Mstaarabu

Mzee usimsahihishe mbele ya watu, Binti. Mfuate akiwa peke yake, mpe heshima yake, chukua imeili yake moja na umuulize kama mwanafunzi: "Mzee, hapa 'we had received', mteja akiniuliza kabla ya nini, nimjibu nini?" Mwache afikiri mwenyewe. Akisema iachwe hivyo, iache. "Had" ya ziada inachosha msomaji tu, haileti hasara kama ile iliyofutwa na dada wa akaunti. Nguvu zako zipeleke kwa dada.

BintiWaTandika

Hili la dada kweli. Kesho nakaa naye mezani kwake.

Dereva wa Tunduma

Kabla uzi haujafungwa. Kwenye WhatsApp watu wanaandika "I'd". Hiyo ni "had" au nini?

Mama Mfasiri

Inategemea kinachofuata. "I'd gone" ni "had", kwa sababu "gone" ni ya safu ya tatu. "I'd go" ni "would", kitenzi kiko kitupu. Vitenzi kama "come" na "put" ndivyo vya kutega, safu ya kwanza na ya tatu zinafanana, hapo soma sentensi nzima. Kwenye imeili za ofisi andika neno kamili.